Taulo Lililolala Nje

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi ni mzima, ila nina habari mbili, na nitaanza na ile mbaya ili uimeze upesi. Chumba cha kufulia hospitalini kimefungwa. Wameleta mashine tatu kubwa kama makabati, na sisi wanawake saba tumepewa mkono wa kwaheri na miche miwili ya sabuni kila mmoja. Miaka tisa, Mama. Mikono yangu bado inaamka saa kumi na moja ikitafuta beseni.

Habari nzuri ni kwamba nataka kufungua duka langu mwenyewe la dobi. Si kufua ilimradi. Nataka iwe kazi ya Mungu kweli: Jumapili pamefungwa, kilichosahauliwa mfukoni kinarudi kwa mwenyewe, na mteja hadanganywi. Unawajua madobi. Ukiuliza nguo yako wanakwambia kesho, ukienda kesho wanakwambia kesho. Kwangu mimi kesho itakuwa kesho.

Lakini naogopa. Nimefunga siku tatu, nimeomba, nasikia kimya. Ndipo nikamkumbuka yule mwamuzi wa kale katika Biblia aliyelaza manyoya ya kondoo uwanjani ili apate jibu. Hapa kwangu ni saruji mpaka mlangoni, na bati la jirani limekutana na bati langu, umande hauna pa kutua. Kwako kuna uwanja. Tafadhali chukua taulo la baba, lile la manjano, ulitandike nje jioni. Asubuhi ukikuta taulo limeloa na ardhi ni kavu, basi Mungu amesema nifungue. Ukikuta vinginevyo, nitarudi nyumbani tulime wote.

Uandike kwa mkono wako, Mama. Usimpe jirani yako Mama Pacha akuandikie, maana huwa anaongeza ya kwake. Wala usinipigie kwa simu yake, huwa anasimama karibu.

Wako,
Povu

9 Februari

Povu mwanangu,

Marahaba. Haya, nimeandika mwenyewe kama ulivyotaka, kwa hiyo vumilia. Darasa la tatu ndilo nililofika, na kalamu yenyewe inakwaruza kama kuku. Pole kwa kazi. Miaka tisa wanakupa sabuni! Si bora wangekupa hata hiyo mashine moja.

Taulo limeloa.

Nililitandika jioni ile ile barua yako ilipofika, pale kati ya kamba ya nguo na banda, nikaweka jiwe kila pembe kuku wasije wakalikokota. Asubuhi limeloa chepechepe. Nimelikamulia kwenye bakuli la unga, na bakuli likajaa, mpaka Mama Pacha akachungulia juu ya ua wake akaniuliza, "Jirani, leo unafua au unaomba?" Nikamwambia vyote viwili.

Basi anza, mwanangu. Anza. Usikae na mikono mitupu, nakujua, ukikaa hivyo unaanza kumuwaza yule aliyeondoka na redio. Mtu aliyebeba redio akaacha mke huyo si wa kuwazwa.

Goti leo limeamka vibaya, unajua linavyofanya mvua ikinyesha. Kuku mwekundu anatamia. Kaka yako amepata kazi ya kutengeneza madawati, seremala wetu sasa ana kofia ya kazini. Nimekuombea, Povu. Nimekuombea kuliko unavyojua.

Mama yako

28 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimefungua!

Chumba ni kidogo, mlango wa bluu, nyuma ya kanisa. Uani kuna kamba nne, bomba moja, na mawe matatu ya kukanyagia ili usiingie kwenye maji. Pasi nimenunua ya mkaa kwa sababu umeme hapa unakuja kama mgeni. Mchungaji alikuja kuombea, akashika beseni kwa mikono miwili akalibariki kwa muda mrefu, akatoka na povu mpaka kwenye kiwiko.

Sheria zangu nimeziandika kwenye kadibodi na kuzipigilia ukutani. Jumapili tunapumzika. Cha mfukoni ni chako. Hatutasema kesho kama si kesho. Mteja wangu wa kwanza, mwalimu mmoja mstaafu, alizisoma zote kwa sauti akaniuliza, "Mama, wewe ni dobi au ni shemasi?" Nikamwambia lete shati kwanza. Alipoondoka nikapekua mfuko wa shati nikakuta meno yake ya bandia. Nikamkimbilia mpaka barabarani. Alikuwa hajajua kama hayapo!

Mwalimu wa kwaya ameahidi kuniletea majoho yote thelathini na mawili kwa ajili ya Pasaka. Meupe, kola za bluu. Yakitoka vizuri, kanisa zima litaniletea nguo.

Jambo moja linanisumbua. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa mkabala alikuja kutaka nimfulie mashuka, arobaini kila wiki, mwaka mzima. Nimekataa. Unazijua nyumba zile, Mama, watu wanaingia mchana na kutoka mchana. Nilijiambia kwamba Mungu aliyelowesha taulo na kuiacha ardhi kavu hawezi kunilisha kwa mashuka yale. Nimefanya vema?

Wako,
Povu

7 Machi

Povu mwanangu,

Marahaba. Habari ya meno nimeisoma nikaketi chini kwa kucheka. Nimemsimulia Mama Pacha, na sasa mtaa mzima unajua.

Habari ya mashuka nimeisoma nikiwa nimesimama. Mimi sina elimu ya dini kama mchungaji wako. Lakini nimefua mashuka tangu nikiwa msichana, ya wazazi, ya wakwe, ya wagonjwa, na yale ya mwisho ya baba yako. Shuka halina dhambi. Aliyelilalia ndiye mwenye habari zake, naye ameshaamka amekwenda. Shuka linabaki pale linangoja maji. Mrudie yule mama, mwambie umefikiri tena. Mwambie mama yako amekugombeza, hilo watu huwa wanalielewa.

Na mvua? Huko zimeanza? Majoho thelathini na mawili kwa kamba nne, Povu, nimehesabu kwa vidole mpaka vimeisha. Una mahali penye paa pa kuanikia? Mwambie kaka yako akujengee hata kijipaa cha bati.

Na jambo jingine. Usiliegemee mno lile taulo. Ni taulo tu. Mimi mwenyewe macho ndiyo haya, huenda sikuangalia vizuri kila mahali. Mungu ana njia nyingi za kusema.

Kuku mwekundu ameangua saba.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea. Mvua zinanyesha lakini Mungu ni mwema. Ushauri wako wa mashuka niliupata, ila taulo lilikuwa limeshajibu. Nisamehe kwa ufupi, nina shughuli.

Povu

8 Aprili

Povu,

Nimeigeuza barua yako nikidhani umeandika na upande wa pili. Hamna kitu. Wewe, mtoto uliyekuwa ukinisimulia hata ndoto ulizodhani paka ameota!

Kisha nikainusa. Usinicheke. Karatasi inanuka ukungu, ule wa nguo zilizokunjwa mbichi. Chumba chako kinanuka hivyo? Unalala humo? Kifua chako je?

Kaka yako alipita huko wiki iliyopita akipeleka madawati. Amerudi nikamwambia kaa hapa.

"Umemwona mdogo wako?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Duka?"

"Lipo."

"Wateja?"

Akainama akaanza kukagua mguu wa kiti changu, eti umelegea. Kiti hicho alikitengeneza yeye, na hakijalegea hata siku moja. Nikamwambia, "Wewe, inua uso." Akasema, "Mama, mwulize mwenyewe." Akaenda zake na bisibisi mkononi.

Basi nakuuliza. Majoho yalitokaje? Niambie nijue naomba nini. Sasa hivi naomba kama mtu anayepapasa kiberiti asichojua amekiweka wapi.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilitaka kungoja mpaka niwe na habari njema, nimechoka kungoja.

Mvua ilinyesha siku kumi na moja mfululizo. Majoho niliyafua Jumatatu, nikaahidi Jumamosi. Uani hapakuanikika, nikafunga kamba ndani ya chumba, nikawa napita chini ya majoho nimeinama kama mwizi. Ijumaa jioni bado yalikuwa mabichi kwenye mishono na kwenye kola. Nilijua. Nimefua miaka tisa, mkono wangu unajua. Lakini ukutani palikuwa pameandikwa, na mimi nilikuwa nimeshasema Jumamosi. Nikaona nikimwambia mwalimu aningoje siku mbili, nitakuwa dobi kama madobi wengine, nami niliahidi mbele za Mungu sitakuwa. Nikayapiga pasi yakiwa mabichi, nikayakunja, nikapeleka kwa wakati.

Alikuja kuyafungua asubuhi ya Pasaka, kwaya yote imesimama. Mabegani yalikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga. Na harufu. Waliimba na nguo zao za nyumbani. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya aliniuliza swali moja tu, "Ulijua hayajakauka?" Nikamwambia nilijua. Sikuweza kumwambia kingine, sheria ni zangu.

Hawakunitukana. Wangenitukana ningepata pa kushika. Wananisalimu vizuri, wananiambia dada tunakuombea, na nguo zao wanazipitisha mbele ya mlango wangu kwenda kwingine. Ni yule mwalimu mstaafu tu anayeniletea shati kila Jumatano, na nikilikunjua nakuta limeshafuliwa. Mwenye chumba anataka kumpa kinyozi mwisho wa mwezi ujao.

Kaka aliniambia funga, turudi nyumbani leo hii. Nikakataa. Nikamwambia, Mungu hawezi kulowesha taulo na kukausha ardhi halafu aniache. Hilo ndilo pekee nililobaki nalo, Mama. Asubuhi nikizitazama kamba tupu nasema, ardhi ilikuwa kavu. Nasema ardhi ilikuwa kavu, mpaka napata nguvu ya kuufungua mlango.

Wako,
Povu

15 Aprili

Povu mwanangu,

Kondakta wa basi la asubuhi hajaniletea kitu leo, na jana hakuleta, nami siwezi kungoja tena. Nina jambo limenikaa kooni tangu Februari.

Mvua ilinyesha alfajiri ile.

Taulo lililoa, ndiyo. Na ardhi ililoa, na banda, na kuku, na mimi nilipotoka kulichukua. Kila kitu kililoa, Povu. Sikukuandikia uongo. Nilikuandikia nusu.

Nilisimama pale uwanjani, matope yamefika kwenye vifundo vya miguu, nimeshika taulo la baba yako, nikamuuliza Mungu, sasa hii ni ndiyo au ni hapana? Nikangoja. Akatokea Mama Pacha na swali lake. Basi, hilo ndilo jibu nililopata.

Nikaingia ndani kukuandikia. Nikajua nikiandika ardhi imeloa, utarudi ukae kwenye kile kiti ukiutazama mlango, kama mwaka ule uliotazama mlango mpaka chai inaota utando. Sikuweza kukuona hivyo mara ya pili. Mkono ukaandika taulo limeloa, nikaona inatosha.

Kwa hiyo kama duka linakulemea, funga tu, mwanangu. Hutakuwa umemkosea Mungu. Yeye hakusema kitu. Aliyesema ni mimi.

Mama yako

17 Aprili

Povu, Povu,

Barua yako ya tarehe kumi na nne imefika leo mchana. Sijaimaliza. Nilipofika pale unaposema ardhi ilikuwa kavu nikatoka mbio kwenda kituoni, na goti hili, kandambili moja imebaki njiani sijui nani ameiokota. Kondakta ananiambia, "Mama, barua yako ya juzi imeshakwenda. Kwani ulisahau kuweka kitu ndani?" Nikamwambia hapana baba, nilisahau kukitoa.

Nimeandika hii nimekaa kwenye benchi la kituo, nampa mkononi. Sikiliza. Ukiipata hii kabla ya ile, ile usiifungue. Utaijua, bahasha ina doa la mafuta ya taa kwenye pembe. Isukume chini ya godoro. Usiisome sasa. Isome ukiwa mzee kama mimi.

Na kama umeshaifungua, sijui niseme nini. Siwezi kukuandikia tena kwamba ardhi ilikuwa kavu. Ningekuwa na uwezo ningeirudia asubuhi ile niifute ardhi kwa nguo zangu.

Dereva anapiga honi.

Mama

9 Mei

Povu mwanangu,

Wiki tatu. Kondakta sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika, kuniokolea hatua. Namshukuru, lakini huwa namfikia hivyo hivyo, nimwulize kwa mdomo.

Kaka yako amesema atakuja huko. Nikamwambia asije, nikamwambia aje, nikamwambia asije. Ameniambia, "Mama, chagua moja nikanoe msumeno." Sijachagua.

Nimejaribu kukuombea. Naanza vizuri, nawaombea wagonjwa, nawaombea wasafiri, namwombea hata yule wa redio. Nikifika kwenye jina lako nanyamaza. Naona haya kumwomba Mungu niliyemsemea.

Andika hata matusi.

Mama yako

13 Mei

Mama,

Shikamoo. Sina matusi.

Zilifika siku moja. Kondakta alinipa zote mbili kwa mkono mmoja, na yenye doa ndiyo ilikuwa juu. Nikaifungua hiyo kwanza.

Nilikukasirikia siku nne. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi sina la kusema. Siku ya tano nilikuwa natafuta vibanio kwenye mfuko wa aproni, nikashika ufunguo wa duka, na nikakumbuka jambo ambalo mimi pia sikukuambia.

Chumba nilikuwa nimeshakichukua, Mama. Siku tatu kabla ya kukuandikia ile barua ya taulo. Ufunguo ulikuwa humo humo kwenye aproni wakati naandika kwamba naogopa. Kadibodi ya sheria nilikuwa nimeshaikata. Ungeniandikia taulo kavu, nadhani ningekuomba ulitandike mara ya pili. Hata yule mwamuzi aliomba mara mbili. Sikuwa nangoja ruhusa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuogopa naye.

Kwa hiyo usibebe mzigo wote. Wewe ulinipa nusu, na mimi nilikupa nusu, na Mungu alituangalia tu. Sijui alikuwa akisema nini. Wakati mwingine nawaza kwamba alinionyesha kabisa: kitambaa kilicholoa na mvua pande zote. Dobi mwenye akili angeelewa.

Nilikwenda kwa mama wa nyumba ya wageni. Alinikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa. Akasema, "Dada, ungekuja Machi." Ana mtu sasa. Kinyozi ameshaleta kioo chake, amekiegemeza ukutani mbele ya sheria zangu. Nikikaa kwenye beseni nililoligeuza najiona mwenyewe nimekaa kwenye beseni. Zimebaki siku kumi na nane.

Bado naufungua mlango saa moja. Naomba, lakini siombi kitu. Nasema nipo hapa, basi.

Usije, sina pa kukulaza. Usimtume kaka. Akija nitamfuata, na sitaki kutoka hapa kwa kuvutwa mkono.

Wako,
Povu

20 Mei

Povu mwanangu,

Marahaba. Nimekusikia. Siji. Kaka yako nimemwambia anoe msumeno.

Barua hii nimeikalia siku tatu nikitafuta ushauri wa kukupa. Nimetafuta kichwani, nimetafuta hata kwa Mama Pacha, ambaye hakosi. Hakuna. Mimi ni mama yako na sina hata neno moja la kuzifanya siku zilizobaki ziwe nyingi. Nikilifikiria hilo nakwenda kuwalisha kuku tena, nao wameshashiba, wananishangaa.

Lakini kuna jambo. Lile taulo la baba yako sikulianika siku ile. Baada ya kukuandikia nililikunja hivyo hivyo, bichi, nikalisukuma chini ya kitanda nisilione. Jana nimelivuta. Limeota vidoa vyeusi upande mzima, na ukilikunjua unageuza uso. Nimelisugua mara mbili. Mikono yangu haina nguvu tena, na mimi sikufua hospitalini miaka tisa.

Nimelifunga kwenye gazeti, nimempa kondakta pamoja na barua hii. Nimepekua, halina mfuko, hutakuta meno.

Lifue. Sijui kama vidoa vitatoka, wewe ndiwe fundi. Lianike kwenye kamba zako kabla kinyozi hajazikata. Jua lisipotoka, liache hapo hapo lingoje. Safari hii sijamuuliza Mungu kitu, wala wewe usimuulize. Nataka taulo tu, la baba yako, kavu.

Na usiniambie kesho kama si kesho.

Mteja wako,
Mama